Chupa ya Kwanza Hufunguliwa na Mgeni

Friji lilikuwa kimya. Hilo ndilo lililonishtua, kabla hata sijamwona yeye. Siku zote ukiingia kwenye karakana ya Povu, kitu cha kwanza kukupokea ni ngurumo ya lile friji kubwa la zamani alilolinunua kwa muuza nyama aliyefunga duka. Linakoroma mchana na usiku kama mzee aliyeshiba. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda, baba yangu na shangazi wako njiani, na friji halisemi kitu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Nikamwita. Akajibu kutoka chumba cha nyuma kwamba anakuja, nikae, nisimfuate. Nisimfuate! Mimi ambaye ufunguo wa mlango ule umo kwenye mkoba wangu, na pete yake iko kidoleni mwangu. Nikaweka mkoba chini nikamfuata.

Nilimkuta ameinama na fagio. Sakafu ilikuwa imelowa, chumba kinanuka bia mbichi, na pembeni ya ukuta kulikuwa na rundo la vipande vya chupa. Kifundo cha mkono wa kushoto amekizungushia taulo la jikoni. Akaniambia chupa imemponyoka. Aliponiambia hivyo hakuniangalia, nami nikajiambia ni wasiwasi wa ugeni, nani asingekuwa na wasiwasi akisubiri kukaguliwa na wakwe? Nikalichukua taulo nikalifunga upya, vizuri zaidi. Jeraha lilikuwa dogo, lakini lilikuwa upande wa juu wa mkono, na chupa ikikuponyoka haikukati hapo. Niliona. Nikaacha lipite.

Sasa, ili unielewe, lazima ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi hushona mapazia. Baba yangu ni fundi vioo, yeye anaweka dirisha, mimi nalivisha, na wateja hututania kwamba baba anafungua na binti anafunga. Hiyo ndiyo kazi. Lakini Jumamosi yangu ni ya bia. Sizungumzii hizi za kiwandani zinazofanana kila chupa. Nazungumzia bia za mikono, zile zinazopikwa na watu wachache kwenye magereji na vyumba vya uani, kila mmoja na kimea chake, na hamira yake anayoitunza kama mtoto. Wako watu wanaofuata mpira, wengine wanafuata kwaya. Mimi nafuata bia. Nikisikia kuna mtu upande wa pili wa mji anafungua pipa jipya, cherehani naifunika na mteja atanisamehe.

Tuko kikundi. Yupo fundi viatu, yupo mwalimu wa hesabu, yupo dada wa famasi na mumewe ambaye hanywi, kazi yake kuturudisha nyumbani. Tunakunywa kidogo na kubishana sana. Mchezo wetu mkubwa ni kufungana macho kwa vipande vya pazia nilivyobakiza, mtu anamiminiwa glasi, anatakiwa ataje aliyeipika. Mimi sikosei. Ndiyo maana wakanibatiza Pua, na jina likanikaa. Na bia mbaya nasema ni mbaya, mbele ya mwenyewe, hata kama kaipika akiwa na homa. Wapishi wengine walikuwa wakiniona mlangoni wanakumbuka wana safari.

Povu hakunikimbia. Ana desturi yake, na hiyo desturi ndiyo iliyotukutanisha. Bia mpya akiitoa, chupa ya kwanza haifungui yeye. Inafunguliwa na mgeni, kwa mkono wake mwenyewe, chupa ikiwa karibu kabisa na uso, kwa sababu anasema pumzi ya kwanza ya chupa haijirudii, ukiikosa umeikosa. Siku ile mgeni nilikuwa mimi. Nikaifungua, nikainusa, nikamwambia kimea amekichoma, chupa nzima inanuka sufuria. Yeye akacheka mpaka akatafuta kiti. Wiki iliyofuata akaja na chupa nyingine, akaniambia sufuria ameshaiondoa. Nikafungua, nikavuta ile pumzi, na nilipoinua macho nikakuta hajaitazama chupa hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi. Jamani, nikaisha hapo hapo.

Usije ukauliza kwa nini anaitwa Povu. Bia yake ya kwanza kabisa ilifurika jikoni kwa mama yake mpaka ikatoka chini ya mlango, na majirani wakadhani ni mtu anafua. Alikuwa akisimulia mwenyewe, nasi tukicheka.

Nyumbani hawakucheka. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, aliyenilea ni shangazi, dada mkubwa wa baba, na shangazi akishika jambo haliachii. Kwake mpishi wa bia ni mlevi ambaye bado hajaanza kuanguka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, aliniambia, na huyo wako kila Jumamosi yuko mitaani anatembeza. Baba hakusema mengi. Baba ana jicho moja. La kulia lilikwenda na kioo cha dirisha la shule, siku moja tu ambayo alisahau miwani yake ya kazi nyumbani. Tangu siku hiyo ile miwani haimtoki mfukoni, kazini, msibani, hata kwenye harusi ya watu. Aliposikia habari za Povu alifikiri kidogo, akasema atakwenda kwa huyo kijana aone kwa jicho lake. Akatabasamu. "Langu ni moja," akasema, "lakini linatosha."

Ikapangwa mwisho wa mwezi. Povu akaanza kupika bia ya siku hiyo, bia ya posa, akaitengenezea na nembo yake, pua iliyochorwa kwa mkono. Nilipoiona ile nembo nililia, sikufichi. Halafu shangazi akampigia simu bila mimi kujua. Akamwambia watakuja Jumamosi hii, kwani kazi ya kweli haihitaji kupangiwa siku. Na Povu akajibu, bila kumeza mate, kwamba bia iko tayari.

Haya yote nilikuwa nayajua nilipomfunga taulo. Kilichokuwa kinanisumbua ni hesabu ndogo tu kichwani. Bia ile niliionja pipani siku chache nyuma, na ilikuwa bado tamu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Hamira ni kitu kinachoishi. Inakula sukari ya kimea, inatoa hewa. Bia ikiwa bado tamu maana yake hamira haijamaliza kula. Ukiitia kwenye chupa wakati huo na kuiziba, inaendelea kula humo ndani, na hewa haina pa kutokea. Ukiiweka kwenye baridi kali inasinzia. Ikipata joto inaamka. Kila mtu kwenye kikundi chetu anajua hilo, hata yule mume asiyekunywa.

Nikasimama mbele ya friji lililo kimya. Nikagusa mlango wake. Ulikuwa vuguvugu.

Povu alikuwa amekwenda mbele kupanga viti. Nikafungua friji, nikatoa chupa moja yenye nembo ya pua, nikaizungushia aproni yake nzito ya kazini, nikaitia ndani ya karo la chuma na kukifungua kizibo huku nimegeuza uso. Haikutoa pumzi. Ilipiga. Kizibo kiligonga dari, bia ikapanda ukutani, na iliyobaki ndani haikujaza kikombe. Nikachovya kidole nikalamba. Tamu kama chai ya wagonjwa. Na chupa yenyewe, nilipoishika, nikaona ni nyembamba. Zile nene za kawaida zilikuwa zimemwishia, akatumia chupa za kuokoteza.

Basi nikaelewa vile vipande kwenye sakafu. Hakuna chupa iliyomponyoka mtu. Ilikuwa imepasuka yenyewe, asubuhi ile, na yeye akafagia.

Aliposikia mshindo alikuja mbio, akasimama mlangoni akiutazama ukuta unaotiririka. Hakuniuliza nafanya nini. Nikamuuliza ni lini aliitia kwenye chupa. Akasema juzi. Nikamuuliza kama alijua haijaiva. Akasema baridi ingeishikilia, umeme ungekuwepo ingeishikilia, ni umeme tu, umeme umemsaliti.

"Povu, waambie haiko tayari."

"Nilishasema iko tayari."

"Waambie ulikosea. Wape maji. Wape chai. Baba yangu hatakuchukia kwa chai."

Akaja akanishika mabega. Mikono yake ilikuwa ya baridi na inanuka kimea, harufu ambayo nikiipata hata barabarani moyo wangu hugeuka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshaichagua chupa moja, ameiweka kwenye ndoo ya barafu tangu alfajiri, ile haina shida, nyingine zote hazitaguswa. Baba ataifungua, atainusa, atakunywa funda mbili, atatoa neno lake, na baada ya hapo tuna maisha yetu yote ya kusema ukweli.

"Barafu uliipata wapi?" nikamuuliza.

"Kwa muuza samaki."

"Imebaki?"

Nikaenda kwenye ndoo. Yalikuwa maji, na chupa imesimama humo peke yake.

Nikamwambia baba ana jicho moja. Akasema anajua. Nikamwambia mara ya pili, polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba baba ana jicho moja na wewe unataka aliweke juu ya hii chupa. Akaniambia nisikuze mambo. Akasema shangazi yangu anasubiri kosa moja tu, na mimi nataka kumpa kwenye sahani. Akasema, na hili ndilo lililoniuma, kwamba mimi kazi yangu ni kunusa, yeye ndiye anayepika.

Sikuwahi kumsikia akisema vile. Nilimpenda mtu aliyecheka nilipomwambia bia yake inanuka sufuria. Nikamtazama nikimtafuta yule mtu, na wakati huo huo mlango ukabishwa.

Shangazi aliingia kwanza. Akatupa jicho kwenye mapipa, kwenye mabomba, kwenye fagio lililolowa, akasalimia kwa heshima zote huku midomo imebana. Baba akafuata nyuma, shati limepigwa pasi, mfuko wa kifuani umevimba kwa ile miwani. Povu akawaamkia, akawakalisha, akawa mwepesi na mchangamfu kupita kiasi. Akawaeleza kazi yake, shayiri inavyooteshwa, inavyokaushwa, maua machungu yanavyotiwa mwisho. Baba alimsikiliza vizuri. Aliuliza maswali ya fundi, kwamba bomba hili umelichomelea mwenyewe, na moto unaupimaje. Niliona ameanza kumpenda. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kuona baba ameanza kumpenda.

Kutoka chumba cha nyuma kukasikika kitu kama mtu amegonga kijiko kwenye glasi. Mara moja tu. Shangazi akauliza ni nini. Povu akasema ni friji, la zamani, lina vituko. Friji halina umeme, shangazi, nilitaka kusema. Lakini nikajipa moyo kwamba Povu bado ana nafasi, atasema mwenyewe, mpenzi wangu atasema mwenyewe kabla sijalazimika kumwaibisha. Nilikuwa namtazama tu. Naye alikuwa anatazama kila mahali isipokuwa mimi.

Akaenda akaileta. Ameifuta maji, ameizungushia kitambaa cheupe shingoni, nembo ya pua imegeukia wageni. Akamkabidhi baba kwa mikono miwili na kumpa kifunguo. Akamweleza desturi. Chupa ya kwanza hufunguliwa na mgeni. Ailete karibu, mzee, karibu kabisa na uso, aivute ile pumzi ya kwanza, haijirudii.

"Ndivyo ulivyompata binti yangu?" baba akauliza.

"Ndivyo, mzee."

Baba akacheka kidogo. Kwa mazoea tu akaigonga chupa kwa ukucha, akasikiliza, akasema kioo hiki chembamba. Kisha akaiinua. Akaisogeza usoni, akageuza kichwa kidogo kama afanyavyo siku zote ili jicho lake la kushoto lione vizuri, na likawa sasa liko juu ya kizibo, liko wazi, jicho la baba yangu, la rangi ya kahawa, lenye yale mafuta ya uzee pembeni. Akaweka kifunguo.

"Baba, usiifungue."

Mkono wake ukasimama. Shangazi akageuka kwenye kiti.

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilimgeukia Povu. Namwomba Mungu kila mwanamke asije akamtazama mwanamume anayempenda kama nilivyomtazama mimi. Nilikuwa namwambia kwa macho, sema, sema sasa, sema umekosea nami nitakaa upande wako mbele ya shangazi na mbele ya dunia nzima, nitakunywa nawe chai kavu mpaka uzee. Mlango nilikuwa nimemfungulia wazi. Alichotakiwa ni kupita.

Povu akatabasamu. Tabasamu lilikuwa zuri, lile lile.

"Ana wasiwasi tu, mzee," akasema. "Siku kubwa hii. Fungua."

Kitu kikakatika ndani yangu, bila kelele.

Baba hakufungua. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye; shangazi alianza kusema neno, baba akamnyooshea kiganja. Halafu akaiondoa chupa usoni mwake taratibu. Akainuka, akamrudishia Povu, na kifunguo juu yake.

"Nifungulie wewe," akasema. "Mimi mkono wangu unatetemeka siku hizi. Ifungue kama ulivyonieleza. Karibu na uso, uivute ile pumzi, halafu unisimulie inanukia nini."

Mkono wa baba hautetemeki. Baba anakata kioo.

Povu akaipokea. Akasema si desturi. Baba akasema anajua si desturi, anamwomba tu kama mwanawe. Povu akaishika ile chupa na kuitazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akaiinua kidogo, ikafika kifuani. Akaishusha. Akavuta lile taulo nililomfunga mimi, akaizungushia chupa nzima, na huku akidhani anajiweka sawa tu, akaunyoosha mkono wake wote mbele, mbali, kadiri mkono wa mtu unavyoweza kwenda, akageuza uso pembeni na kufumba macho yote mawili.

Akabaki hivyo. Hakuifungua. Nadhani alijiona.

"Mwanangu," baba akamwambia, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Jicho lako umeliweka mbali. Langu ulitaka liwe karibu."

Shangazi, ambaye alikuwa amesubiri siku hiyo kwa hamu zote, alitazama mikono yake mapajani. Povu akaiteremsha chupa kwenye ndoo ya maji. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtoto. Akaniita, hakuniita Pua, aliniita kwa jina langu la nyumbani, lile ambalo nilimwambia siku moja tu. Akasema hakutaka baba apatwe na lolote. Akasema alidhani itashikilia. Akasema alinitaka mimi tu, alitaka wampe mimi, basi. Na ninajua alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa linanitisha, kwamba ni kweli kabisa na bado alisema fungua.

Kwenye chumba cha nyuma ikapasuka chupa. Mlio mkavu, kisha vioo vinamwagika juu ya chuma. Ikafuata nyingine.

Baba akatushika mimi na shangazi akatutoa nje mpaka barabarani, juani. Watu wa duka la jirani walichungulia. Povu hakutoka. Nilimwona kupitia mlango ulio wazi akivaa glavu zake za jikoni, akavuta pumzi, akaelekea nyuma. Kreti zimo ndani ya friji pale, karibu na mlango wa uani ambako watoto wa jirani hucheza. Alikuwa anakwenda kuzitoa, kuzizamisha kwenye pipa la maji moja moja kabla hazijapasuka zote. Kwa mikono yake, na uso mtupu.

Shangazi akasema twende. Nilikuwa siwezi kwenda na siwezi kurudi. Nilikuwa nimesimama tu, nalia bila sauti, nikiizungusha ile pete kidoleni.

Baba akatia mkono mfuko wa kifuani. Akatoa miwani. Tangu nipate akili sijawahi kumwona akimpa mtu ile miwani, hata kunishikisha mimi. Akaifuta vumbi kwa ncha ya shati.

"Mpelekee," akasema. "Halafu urudi."

Nikaingia. Ndani kulinuka shayiri na utamu, harufu ya kila Jumamosi yangu. Yeye alikuwa amefika mlango wa chumba cha nyuma, anasita. Nikamwambia asimame. Nikamvisha miwani mwenyewe, nikamfunga mkanda kisogoni, nikaukaza, na vidole vyangu vikakaa kwenye nywele zake kuliko ilivyohitajika. Nyuma ya vile vioo vyenye mikwaruzo macho yake yalikuwa mekundu. Mazuri, yote mawili.

"Nisubiri," akasema. "Nikimaliza nitakueleza. Utanisubiri nje?"

Nikarekebisha miwani ikae sawa puani. Nikavua pete, nikanyoosha mkono ndani ya mlango na kuiweka juu ya friji lililokuwa kimya, na ufunguo wa mlango pembeni yake, naye akiona.

"Hiyo miwani," nikamwambia, "usiivue mpaka umalize zote."

Nikatoka. Baba alikuwa amenifungulia mlango wa gari lake. Shangazi alitaka kuanza kusema, baba akamwambia anyamaze, anasikiliza. Tukakaa pale vioo vimeshushwa, hakuna aliyewasha gari, na kila ilipopasuka chupa moja baba alinishika mkono, akangoja mpaka tusikie nyayo za Povu zikitembea tena.